Kiharusi: Chombo Kibuniwe kwa Ajili ya Mwuguzaji Pia

Kiharusi huingia ghafla, lakini kazi inayoletwa nacho huchukua miaka. Mshipa wa damu unapoziba au kupasuka ndani ya ubongo, sehemu ya ubongo hukosa oksijeni na huanza kufa katika muda wa dakika chache. Mgonjwa akinusurika, aghalabu hurudi nyumbani akiwa amepooza upande mmoja, na pengine hawezi kusema wala kumeza vyema. Siku hiyo hiyo mtu wa pili hutwishwa mzigo. Huyo ni mke, binti au mkwe, ambaye kwa kawaida hakufundishwa kazi ya uuguzi.

Si sahihi kudhani kwamba maradhi haya ni ya nchi tajiri tu. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, na kutangazwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba katika kila watu 100,000, wagonjwa wapya kwa mwaka walikuwa kama 109 Hai na 316 Dar es Salaam, baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri. Chanzo kikubwa ni shinikizo la damu lisilotibiwa.

Katika uwanda wa kati mzigo huo una uzito wake wa pekee. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Mwuguzaji akishindwa kwenda shambani katika majuma ya kwanza ya mvua, nyumba yaweza kukosa uwele na mtama wa mwaka mzima. Kwa hiyo kiharusi cha mtu mmoja huweza kuleta njaa kwa watu sita. Jambo hili halipimwi kwa chombo chochote cha hospitali.

Hapa ndipo penye kasoro ya vyombo vingi vya tiba. Vimebuniwa kwa ajili ya mgonjwa aliye katika wodi yenye sakafu laini, si kwa nyumba ya Bahi, Chemba au Mpwapwa. Chukua mfano wa kiti cha magurudumu. Kila mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba kanieneo ni kani igawanywayo kwa eneo. Gurudumu jembamba hugusa ardhi kwa eneo dogo. Hivyo kanieneo yake ni kubwa, nalo huzama mchangani. Eneo hilo likizidishwa mara tatu, kanieneo hupungua hadi theluthi moja. Lakini chombo kikipanuliwa bila kiasi, hakitapita katika mlango mwembamba wa tembe.

Mwaka 2005 mhandisi Amos Winter wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, alikuja Tanzania kuchunguza viti vya namna hiyo. Baadaye yeye na wenzake walibuni kiti kinachoendeshwa kwa nyenzo mbili na kutumia vipuri vya baiskeli. Kilipojaribiwa Afrika Mashariki, watumiaji walikiona kizito mno, tena kipana mno kwa matumizi ya ndani ya nyumba, kikarekebishwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hata hivyo, nyenzo mbili huhitaji mikono miwili yenye nguvu, na aliyepooza upande mmoja hanayo. Kiti chake husukumwa na mwuguzaji. Ni dhahiri basi kwamba mtumiaji wa chombo hicho ni watu wawili, na vipimo vya wote wawili havina budi kuchukuliwa.

Kanuni ile ile ya kanieneo hueleza vidonda vya kulalia. Uzito wa mwili ukikaa juu ya mfupa mmoja kwa muda mrefu, mishipa midogo hubanwa na nyama hufa. Ndiyo sababu mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Kadhalika, mkono uliopooza ukivutwa wakati wa kumwinua, bega huweza kuteguka. Mshipi mpana wa turubai wenye vishikio, ukifungwa kiunoni mwa mgonjwa, humwokoa bega naye mwuguzaji humpunguzia maumivu ya mgongo. Fundi cherehani wa kijijini aweza kuushona. Seremala naye aweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuwekwa juu ya choo cha shimo.

Wako wasemao kwamba yatosha kuwafundisha jamaa mazoezi ya viungo. Nchini India jambo hilo lilijaribiwa kwa wagonjwa 1,250 katika vituo 14, na matokeo yakatangazwa mwaka 2017. Baada ya miezi sita, wagonjwa 47 katika kila 100 walikuwa wamefariki au wakiwategemea wengine, na idadi hiyo ilikuwa sawa kwa waliofundishiwa jamaa zao na kwa wasiofundishiwa. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba vyombo vitaponya. Yanaonya kwamba jamaa hawezi kugeuzwa mtaalamu kwa mafunzo machache, akaachwa peke yake. Chombo kipya kipimwe kwa lengo la kweli: je, mwuguzaji amepata usingizi? Mgongo wake umepona? Amewahi shamba?

Simu pia ina nafasi yake. Mwaka 2012 mpango wa Wazazi Nipendeni ulianza kuwapelekea wajawazito wa Tanzania ujumbe wa Kiswahili bila malipo. Njia hiyo hiyo yaweza kumkumbusha mwuguzaji dawa za shinikizo la damu na dalili za hatari, kwa sauti ya Kiswahili au Kigogo pale asipoweza kusoma.

Nchi ina pa kuanzia. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, na kituo cha TATCOT cha Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1981, kimefundisha mafundi wa viungo bandia na wa viti vya magurudumu. Chuo Kikuu cha Dodoma na Hospitali ya Benjamin Mkapa viko katika mkoa wenyewe. Kinachotakiwa ni kwamba mwuguzaji aketi mezani pamoja na mhandisi tangu mchoro wa kwanza. Shule nazo zisingoje. Kupima upana wa milango ya kijiji, kina cha mchanga wa njia zake na kani ya kusukuma kiti ni somo halali la fizikia, na majibu yake yanahitajiwa.