TUSICHAGUE KITUO CHA WATOTO KWA KUTAZAMA SARE

Ndugu wanachama,

Msimu wa kuchuma kahawa umekaribia na swali ni lile lile kila nyumba: mtoto nitamwacha wapi? Wengine wanasema watapeleka kituo cha kulipia kule barabarani, maana watoto wa kule wanavaa sare na kuimba Kiingereza. Wengine wanangoja kituo chetu cha ghalani kifunguliwe. Naomba nafasi kidogo ubaoni, kwa kuwa mimi nilikosea jambo hili na sipendi mwenzangu akosee.

Mwaka juzi mjukuu wangu wa miaka mitatu na nusu nilimpeleka kituo kimoja cha kulipia, si lazima nikitaje. Ada nililipa, sare nilishona, viatu vyeusi nilinunua. Wiki ya pili akarudi na daftari limejaa herufi, nikalichukua mpaka kilabuni kuwaonyesha wenzangu. Bibi yake ndiye aliyeona mambo. Akaniambia, "Mzee, huyu mtoto siku hizi mbona haulizi kitu?" Kweli kabisa. Zamani alikuwa mtu wa maswali: mbona kuku hana meno, mbona kahawa nje nyekundu ndani nyeupe. Sasa ukimwita anasimama wima, mikono nyuma, anangoja amri.

Nikaenda siku moja bila taarifa. Nilikuta watoto wapata sitini chumba kimoja, mlezi mmoja, fimbo mezani. Wanaimba herufi, na mjukuu wangu amelala juu ya daftari. Yale maandishi mazuri kumbe mlezi alikuwa akiyaandika mwenyewe ili sisi tufurahi! Lakini wa kulaumiwa wa kwanza ni mimi. Mlango ule nilipita kila siku na sikuingia hata mara moja. Mbuzi tukimnunua tunamfungua mdomo tumtazame meno. Mtoto tunamkabidhi mlangoni na kukimbilia shambani.

Basi nenda ukae asubuhi moja. Usitazame kuta, sikiliza. Mtoto akiuliza anajibiwa, au ananyamazishwa? Mlezi anawajua kwa majina? Anayelia anabembelezwa na nani? Uliza pia cheti cha usajili, maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo hivi visajiliwe.

Msimu uliopita nilikaa pale ghalani kwetu. Watoto walikuwa wanahesabu vizibo vya soda, wanapanga magunzi kutoka dogo hadi kubwa, wanacheza mnada wa kahawa. Mmoja karani wa mizani, mwingine mkulima. Karani akapunja kilo, mkulima akagoma! (Karani wetu alikuwepo, akacheka kidogo tu.) Wapo wanaosema huo ni mchezo, si masomo. Mimi nasema ndiyo masomo ya umri ule: hesabu imo, lugha imo. Hata mtaala wa Serikali wa elimu ya awali unataka mtoto ajifunze kwa michezo. Kuandika kutakuja. Sera ya Elimu ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa darasa la awali kuwa wa lazima, na tangu 2016 shule za Serikali hazitozi ada. Shida yetu ni hawa wa miaka mitatu na minne.

Sisemi kituo chetu hakina kasoro. Choo ni cha watu wazima, tundu lake linamtosha mtoto kupita. Dawa za kunyunyizia kahawa ziko chumba cha pili, mlango una komeo bila kufuli. Usajili hatuna. Na mlezi, mama wa watu, posho yake ya miezi miwili hajalipwa mpaka leo. Mlezi tunayemlipa kwa ahadi atatuvumilia mpaka lini?

Maoni yangu ni kwamba mkutano mkuu ukubali makato ya shilingi 10 kwa kila kilo ya kahawa, yawe ya kituo tu. Mwenye kilo 500 atatoa shilingi 5,000. Tuanze na posho ya mlezi, kisha choo kidogo, halafu tumwite ofisa ustawi wa jamii aje akague tuanze safari ya usajili. Asiye na mtoto mdogo atauliza, mie yananihusu nini? Atazame mama anayechuma na mtoto mgongoni anajaza ndoo ngapi kwa siku, halafu ahesabu kahawa ya ushirika inayobaki mtini. Tena jambo hili si geni. Wazee mnakumbuka, miaka ya 1970 vijiji vingi vya ujamaa vilikuwa na vituo vya kulelea watoto mchana.

Hoja hii nitaileta mkutanoni. Atakayeipinga aje na jibu la mtoto wa miaka mitatu akae wapi siku ya kuchuma. Kufuli la chumba cha dawa nimekwisha kununua, liko kwa karani.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Babu wa Mwuliza Maswali