Nyumba Mbili na Deni Moja



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo liingialo majumbani kwa furaha, na aghalabu likatoka kwa majuto. Nalo ni kununua nyumba mpya kabla ya kuiuza ile tunayoikaa.

Tuseme baba mmoja wa Kinjumbi, wilaya ya Kilwa, ana nyumba ya bati na minazi michache. Ataka kuhamia Somanga, kwenye barabara kuu, apate kufungua duka. Mwezi wa Machi aonyeshwa nyumba, nayo yampendeza. Papo hapo atoa arbuni, aahidi kumaliza bei kwa miezi miwili, akitumaini kuuza ya kwake.

Lakini fedha za watu wa Kilwa hutoka shambani. Ufuta huuzwa mnamo Juni, na korosho kuanzia Oktoba. Katika masika ni nani mwenye fedha za kununua nyumba? Tena hata njia huweza kufungika, kama ilivyokuwa Mei 2024, mvua zilipoikata barabara kuu ya Lindi huko huko wilayani Kilwa. Muda wawadia, mnunuzi hakuna. Hapo humjia mawili, yote mabaya: kukopa kwa riba, au kuuza kwa bei ya kutupa nyumba iliyomlelea watoto. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Hatusemi kwamba kununua kwanza ni haramu. Aliye na fedha zote mkononi na anunue, kisha auze ya zamani kwa nafasi. Hata kununua kwa deni la muda maalumu ni halali. Kosa ni kuahidi fedha zilizomo mfukoni mwa mtu tusiyemjua bado. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba achukuaye mali za watu kwa nia ya kuzilipa, Mwenyezi Mungu humlipia. Lakini nia ya kulipa haimwondolei mtu wajibu wa kuhesabu.

Na hiyo arbuni yataka hadhari. Wengi hudhani kwamba mnunuzi akishindwa, arbuni ni mali ya muuzaji bila shaka. Sivyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, tuyafuatayo wengi wetu hapa pwani, jambo hilo halikujuzishwa. Imamu Ahmad amelijuzisha, na Baraza la Fiqhi la Kimataifa mwaka 1993 liliamua kuwa lafaa iwapo muda umewekwa. Basi muulizeni shekhe wenu kabla ya kutoa fedha, na mwandike mbele ya mashahidi, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 282.

Pili, mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamzuia mume kuiuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mkewe, na mke vivyo hivyo. Atakayetoa arbuni leo na kumwambia mkewe kesho, asistaajabu akikataliwa. Kadhalika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yataka kibali cha Halmashauri ya Kijiji kabla ya haki ya ardhi kuhama. Tena semeni wazi: je, minazi imo katika bei au haimo?

Tatu, jirani. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Abu Rafi alimtaka Saad bin Abi Waqqas anunue vyumba vyake viwili vilivyokuwa katika uwanja wa Saad. Saad akatoa 4,000 tu, tena kwa mafungu, na Abu Rafi alikwisha kupewa dinari 500 na mwingine. Akamwachia Saad kwa bei ile ndogo, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema kwamba jirani ana haki zaidi. Huenda mnunuzi unayemtafuta mbali yuko nyuma ya ua wako.

Nawe utangulizaye kuuza, una hatari yako: fedha za nyumba zikikaa mkononi huliwa kidogo kidogo. Katika kitabu cha Ibn Majah imepokewa kwamba auzaye nyumba asiitie thamani yake katika mfano wake, hatabarikiwa. Basi afanyaye salama ni yule apatanaye na mnunuzi wake kwanza, akataka muda wa kuhama, ndipo akatoa neno lake kwa mwenye nyumba mpya.

Nanyi wauzaji, mkimwona mdaiwa ana dhiki ya kweli, mpeni muhula mpaka mavuno. Qurani yatuamrisha hivyo katika aya ya 280 ya sura hiyo hiyo. Naye nyumbani ana watoto kama wenu.

Mwenyezi Mungu atujaalie makao yenye baraka, wala asitulaze na deni tusiloliweza. Amin.