Haya isikuzuie kupima moyo

Wako akina mama huandikiwa kipimo cha eko ya moyo, kisha wakakiahirisha miezi kwa kuona haya kufunua kifua. Huko kuchelewa ndiko kwenye hatari.

Eko hutumia mawimbi ya sauti, si mionzi, kuonesha jinsi moyo unavyosukuma damu na vali zake zinavyofunguka na kufunga. Kipimo cha kawaida hakihitaji tumbo tupu. Utavua nguo ya juu, utalala kwa ubavu wa kushoto, utapakwa jeli ya baridi, na mpimaji atapitisha kifaa kifuani akikigandamiza kidogo. Huchukua kama nusu saa hadi saa moja. Mvumo utakaousikia ni wa damu yako ikipita. Mpimaji akinyamaza, usihofu: majibu hutolewa na daktari.

Kuhusu sitara, omba mapema mpimaji wa kike. Asipopatikana, omba muuguzi wa kike au maharimu wako awepo, na shuka ya kufunika pasipopimwa. Vaa nguo ya vipande viwili, usilazimike kuvua yote.

Nawe baba, usimwachie mama safari hiyo peke yake. Msindikize.