Kabla ya Kuchagua Bunduki, Tuulize Kazi Yake

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Anayepoteza asubuhi nzima akipimapima mipini atakutwa na jua la utosini kabla hajapiga tuta la kwanza. Hata hivyo, methali hiyo haisemi kwamba jembe laweza kufanya kazi ya shoka. Kuchagua kwa uvivu ni jambo moja, na kuchagua kwa akili ni jambo jingine. Tofauti hiyo yafaa kufikiriwa na walimu na wanafunzi wa Kitui na Makueni.

Katika nchi ambako silaha za hewa huuzwa kama vifaa vya michezo, upo mjadala wa muda mrefu miongoni mwa wapenzi wake. Je, mwenye bastola ya hewa aitie kitako cha kuegemeza begani, au anunue bunduki fupi iliyoundwa kwa bega tangu mwanzo? Wazo lenyewe si geni. Bastola ya Mauser ya Ujerumani, iliyotokea mwaka 1896, ilikuwa na ala ya mbao iliyoweza kuunganishwa nyuma yake ikawa kitako.

Manufaa ya kitako hayakanushiki. Bastola hutegemea mkono tu, ilhali bunduki hushikwa kwa mikono miwili, ikaegemea bega na kugusa shavu. Michezo ya Olimpiki yatupa ushahidi. Bunduki ya hewa iliingizwa humo mwaka 1984 na bastola ya hewa mwaka 1988. Zote mbili hulenga shabaha iliyo umbali wa mita 10, kwa risasi zenye kipenyo cha milimita 4.5. Lakini duara la alama kumi kwa mpiga bastola, anayeruhusiwa kutumia mkono mmoja tu, lina upana wa milimita 11.5, na kwa mpiga bunduki ni kitone cha nusu milimita. Hiyo ndiyo thamani ya bega.

Pamoja na hayo, kitako hakiongezi nguvu ya hewa wala urefu wa mtutu. Alama za kulengea hubaki zimekaribiana, na hitilafu ndogo ya jicho huwa kubwa mbele ya safari. Aliyetia kitako amepata bastola iliyotulia, hajapata bunduki. Anayehitaji silaha ya begani na achague iliyoundwa hivyo. Kiraka hakigeuzi shuka kuwa kanzu.

Msomaji wa Mwingi au Kibwezi atauliza: haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu ya ndege. Mtama na mawele yaliyopandwa kwa mvua za vuli huanza kutia chembe karibu na mwezi wa Januari, wakati uo huo shule zinapofungua muhula wa kwanza. Kwelea hushuka kwa makundi, na mtoto hupewa kombeo na kopo la kugonga, akaambiwa asiondoke shambani. Dawati lake hubaki tupu. Ni rahisi basi kijana mwerevu akasema: laiti tungekuwa na silaha ya hewa, hata bastola iliyotiwa kitako, kazi hii ingekwisha upesi.

Na tupige hesabu. Kwelea mmoja aweza kula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa kwelea haba na haba humaliza ghala: kundi la ndege milioni moja laweza kula tani 10 kwa siku, yaani zaidi ya magunia 100 ya kilo 90. Tuchukue mpigaji hodari asiyekosa, anayeangusha ndege mmoja kila dakika kwa saa kumi mfululizo. Jioni atakuwa ameua ndege 600, na kuokoa kilo sita za mlo wa siku. Hapo swali la kitako au bunduki fupi limepoteza maana, kwa kuwa zote mbili hazitoshi.

Je, nyani na tumbili? Hao ni wanyamapori, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 nayo yaendelea kuwalinda, na malalamiko kuhusu uharibifu wao hupelekwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Aidha, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu raia kujimilikia silaha ya mtutu iwezayo kuua pasipo cheti. Tusisahau pia kwamba risasi ndogo ya hewa hupofua jicho, na mtutu mfupi mkononi mwa mtoto hugeuka kumwelekea mwenzake kwa urahisi mno.

Mababu walilielewa jambo hili. Waata waliwinda ndovu kwa upinde mrefu na mzito kuuvuta. Wakamba walitumia upinde mfupi na mwepesi zaidi, wakaiachia sumu ya mshale imalize kazi. Kila jamii ilianza na kazi, ndipo ikachonga mti.

Kazi yetu ni kuokoa mavuno bila kumtoa mtoto darasani. Majirani wakipanda kwa wakati mmoja, ndege hawapati shamba moja lililotangulia la kulivamia lote. Nafaka iliyokomaa ivunwe bila kukawia. Wakulima waripoti mapema kwa maafisa wa kilimo mahali kwelea wanapolala, kwa maana makundi hudhibitiwa malaloni na si shambani. Na panaponyunyizwa dawa watu wajitenge, wala asiwepo wa kuokota ndege waliokufa. Ulinzi wa mchana uwe wa watu wazima, kwa zamu, kijiji kizima.

Walimu nao hawana budi kulizungumza na wazazi kabla ya mtama kutia chembe, si baada ya daftari la mahudhurio kujaa mapengo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haki hiyo haina likizo ya kwelea.

Tukishindwa kwa hayo, hakuna kitako kitakachotusaidia. Mtoto atakaa juani na silaha begani, kwelea watakula, na mtihani utamkuta hajui kupiga hata hesabu hii ya gramu kumi.