Wanawake wa Scotland hawakukubali kupuuzwa
Kundi la For Women Scotland lilianza mwaka 2018, likiendeshwa kwa michango, kupinga mageuzi ya sheria ya kutambua jinsia. Bunge la Edinburgh halikutikisika: Desemba 2022 lilipitisha muswada kwa kura 86 dhidi ya 39, likishusha umri wa kubadili jinsia kisheria hadi miaka 16 na kufuta sharti la uthibitisho wa daktari. Serikali ya London ikauzuia. Kisha Aprili 2025, katika kesi ya kundi hilo kuhusu nafasi za wanawake kwenye bodi za umma, majaji watano wa Mahakama ya Juu ya Uingereza walilipa ushindi kwa kauli moja, wakisisitiza kuwa waliobadili jinsia bado wanalindwa dhidi ya ubaguzi. Kama wabunge wangeziita pande zote mezani mapema, kesi isingefika huko.