Vespa ya Mzee imeamka, cheti changu bado kimelala

Vijana wenzangu, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, naandika kutoka Nakivale.

Leo niko na neno moja tu. Ufundi haufundishwi kwa mashine nzima iliyowekwa mezani. Unafundishwa kwa mashine iliyokufa, spana mkononi, na mtu mzima pembeni wa kukuambia "ngoja kwanza".

Mwaka juzi nilisoma ufundi wa pikipiki kwa miezi mitatu. Tulikuwa vijana 20 kwa injini moja, safi kabisa, imekatwa ili tuone ndani. Siku ya mwisho tulipewa cheti, soda na picha ya pamoja. Katika wale 20, simjui hata mmoja anayekula kwa kazi hiyo leo. Si uvivu. Hatuna spana.

Sasa sikieni habari ya Vespa. Jirani yetu, mzee wa Rutshuru, alivuka nayo Bunagana mwaka 2008 wakati wa vita. Ilizimika miaka 12 iliyopita, akaiegemeza nyuma ya nyumba, kuku wakaifanya kiota. Nilipomwomba tuiamshe alicheka, lakini akakubali.

Mimi na cheti changu nilikimbilia kupiga kiki. Mzee akanishika mkono: "Kijana, unataka kuiua mara ya pili?" Akaeleza kwamba injini ikikaa muda mrefu, pistoni inaweza kushikana na silinda kwa kutu. Ukilazimisha, unakwaruza silinda. Tukatoa plagi, tukamimina oili kidogo kwenye tundu lake, tukaiacha siku mbili. Halafu tukazungusha feni ya injini kwa mkono, polepole. Mwanzo ilikataa. Siku ya tatu ikazunguka.

Tangi lilikuwa na petroli ya zamani, imekuwa nzito, inanuka kama rangi. Tukaimwaga, tukatia nati na mafuta ya taa ndani, tukatikisa mpaka kutu ikatoka. Kabureta ilikuwa imeziba. Nilitaka kuchokoa kale katundu kadogo kwa waya, mzee akakataa: waya unapanua tundu, na petroli haitapita tena kwa kipimo. Tukaosha kwa petroli safi na kupuliza kwa pampu ya baiskeli. Mpira wa petroli ulikuwa umepasuka, matairi yameoza, nyaya za breki na klachi zimekwama. Vipuri tulivipata Mbarara, kidogo kidogo, kila mara mfuko uliporuhusu.

Halafu likaja jambo ambalo darasani sikulisikia kabisa. Boda boda zetu zina oili yake chini ya injini. Hii Vespa ya zamani haiko hivyo. Oili unaichanganya na petroli, mililita 20 kwa kila lita moja. Ukitia petroli tupu kama ya boda, pistoni inakosa ulaini, inashika moto, na kazi yako yote imekwisha. Ningekuwa peke yangu, ningeiua siku ile ile.

Tuligusisha plagi kwenye chuma cha injini, tukapiga kiki, cheche ya buluu ikaonekana. Tukaifunga. Kiki ya kumi na kitu ikawaka, moshi mweupe uwanja mzima, watoto wakapiga kelele. Mzee alikaa chini. Hakusema kitu.

Tangu hapo watu watatu wameniletea pikipiki zao. Pesa si nyingi, lakini ni chumvi na sabuni, wakati huu ambapo mgao unakatwa.

Ndugu wa mashirika, najua mtasema vifaa vikitolewa vinauzwa. Kweli, vingine vimeuzwa, tusidanganyane. Mtu mwenye njaa anauza. Basi msimpe kila mtu sanduku lake. Lipeni kundi moja sanduku moja zima, likae kwa fundi mzee, na kila spana iandikwe nani ameichukua. Huyo fundi mlipeni posho kama mnavyomlipa mwalimu anayetoka mjini. Na zile pikipiki zilizokufa nyuma ya ofisi zenu, mvua inazinyeshea, tupeni tujifunzie. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Kinachokosekana ni cha kufanyia kazi.

Na Vespa yenyewe ilitoka wapi? Kiwanda cha Piaggio kule Italia kilikuwa kinatengeneza ndege. Vita vikakibomoa. Mwaka 1946 watu wale wale wakatoa Vespa, kwa sababu watu walihitaji usafiri wa bei nafuu. Walikuwa na vifaa na mafundi, wakaanza na walichobaki nacho.

Vijana, na sisi tuna kosa. Tunapenda kupiga kiki kwanza. Kaeni na wazee, hata wakirudia hadithi ile ile mara tano. Kuna ujuzi hapa kambini ambao hakuna semina itakayowaletea, na wazee wanaondoka nao.

Kama nyumbani kwenu kuna pikipiki iliyolala, msiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Niiteni. Nitakuja na mzee wangu. Spana mbili tunazo tayari.