Kuhama mbali pamoja na paka wa nyumba



Masomo yakifungwa, mwezi wa saba na wa nane, ndio wakati wa kuhama. Bwana amepata kazi Kolwezi, ao kontra imeisha Likasi, ao mwenye nyumba ameongeza bei. Basi mama anaanza kufunga vyombo. Katika mikutano yetu ya siku ya posho tumezungumuza mara nyingi juu ya masomo mapya ya watoto, juu ya kitemo chenye hakijamalizika, juu ya feza ya kamio. Lakini juma lililopita mama mumoja aliuliza ulizo lenye lilichekesha wengi: "Na pushi wangu wawili, wenye hawajatoka inje hata siku moja, nitawapeleka namna gani?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Sisi pia hatukucheka, kwa sababu tulikumbuka Fungurume.

Mara ya kwanza tulihama kutoka Kolwezi kwenda Lubumbashi. Ni karibu kilometa 300. Tulikuwa na paka wa kike wa rangi ya majivu. Mutoto wetu wa kwanza, mwenye wakati huo alikuwa na miaka saba, ndiye alikuwa mwenye paka. Asubuhi ya safari tulifanya vile watu wote wanafanya: tulimuingiza paka ndani ya saki ya unga, tukafunga kamba, tukamuweka kati ya magodoro. Alilia tangu tulipoondoka. Karibu na Fungurume akanyamaza. Gari lilisimama, watu wakashuka kununua mikate. Mutoto aliogopa kwamba paka amekufa. Akalegeza kamba kidogo tu, ili atazame.

Mulijua mwisho wake mbele tuandike. Paka aliruka, akapita chini ya makamio yenye yalikuwa yamepanga musururu, akapotelea ndani ya majani. Tuliita mpaka shofere akapiga honi mara tatu. Tukaondoka. Mutoto hakusema neno mpaka Likasi. Huko akauliza: "Mama, atarudia nyumbani Kolwezi?" Tukamujibu: "Ndiyo, paka anajua njia." Tulisema uongo. Kwa miezi mingi aliendelea kuuliza kama amefika.

Kosa halikuwa la mutoto. Lilikuwa letu. Ndiyo sababu, mwaka uliopita, wakati tulirudi Kolwezi pamoja na paka wengine wawili, tulifanya mambo namna ingine. Watoto waliwaita Makala na Bukari, kwa sababu mumoja ni mweusi na mwingine ni mweupe. Tunawaelezea hapa vile tulifanya, na vile muganga wa wanyama alituonyesha.

Majuma mawili mbele ya safari

Saki si kitu cha kubebea paka. Ndani hakuna hewa ya kutosha, joto linapanda haraka, na paka hawezi kusimama wala kugeuka. Sanduku la kununua linaomba feza nyingi, lakini kuna njia ingine. Twaa vitunga viwili vya plastiki vya kuwekea nguo, vyenye matundu, vya kipimo kimoja. Geuza kimoja juu ya kingine, kisha funga pande zote kwa kamba ao waya, na uache upande mumoja wenye unaweza kufungua. Ncha za waya zigeukie inje. Seremala pia anaweza kutengeneza kizimba kama cha kuku. Kila paka awe na chake. Hata paka wenye wanalala pamoja kila usiku wanaweza kupigana wakiogopa.

Kisha, jambo lenye wengi wanasahau: usilete kitunga asubuhi ya safari. Kiweke wazi ndani ya chumba majuma mawili mbele. Tandika ndani kikwembe cha zamani chenye kina harufu ya nyumba. Weka humo ndagala chache kila jioni. Makala aliingia siku ya pili. Bukari alingoja siku nane. Siku ya safari wote wawili waliingia bila mutu kukwaruzwa.

Wakati huohuo, nenda kwa muganga wa wanyama. Kichaa cha mbwa kinashika paka pia, na kinaua watu. Paka anaweza kupata chanjo tangu akiwa na miezi mitatu. Omba karte ya chanjo na uitunze pamoja na karatasi za watoto. Kama safari inavuka mupaka, kwa mufano Kasumbalesa, uliza mapema ofisi ya mifugo karatasi gani zinaombwa, usiulizie palepale kwenye barieri.

Na dawa ya kulalisha? Usimupe paka dawa ya watu. Kidonge kimoja tu cha parasetamoli kinaweza kumuua. Kama paka wako ana woga mukubwa, muganga ndiye atasema dawa gani na kipimo gani.

Neno juu ya shofere

Hapa tulipata shida yenye hatukuifikiria. Vyombo vilikwenda na kamio, na sisi tulikodi gari dogo. Shofere alipoona Makala akasema: "Mama, pushi mweusi ndani ya gari ni mikosi. Siendi."

Bwana alitaka kukasirika. Sisi tuliona kwamba asubuhi ya kuhama si wakati wa kufundisha mutu mambo ya ulozi. Tukamuambia: "Papa, tutakulipa nafasi ya mutu mumoja." Akafikiri. Akasema: "Basi mumufunike, nisimuone." Tulifurahi kimoyomoyo, kwa sababu kufunika ndiko tulikuwa tunataka: paka mwenye haoni njia anatulia zaidi. Tulifunika vitunga vyote viwili kwa kikwembe chepesi, tukiacha upande mumoja wa hewa. Lakini muzungumuze na shofere siku moja mbele, si wakati injini inanguruma.

Siku ya kuondoka

Kuhama ni milango wazi, watu wanaingia na kutoka, vitanda vinavutwa. Paka wengi wanapotea saa hiyo, mbele hata gari liondoke. Kwa hiyo tuliwafungia Makala na Bukari ndani ya chumba kimoja tangu usiku. Tukabandika karatasi kwenye mulango: USIFUNGUE. Chumba hicho kilikuwa cha mwisho kutolewa vyombo.

Tuliwapa chakula jioni, na asubuhi hatukuwapa kitu, ila maji kidogo. Paka mwenye tumbo limejaa anatapika njiani. Tuliondoka saa kumi na moja ya alfajiri, kwa sababu ya joto. Vitunga tuliviweka chini, nyuma ya kiti cha mbele, vikibanwa na mafuko ya nguo ili visitembee gari likikanyaga breki. Usimuweke paka juu ya vyombo vya kamio kwenye jua na vumbi, wala ndani ya kofa ya gari, wala kwenye magoti akiwa wazi. Paka mwenye anaogopa anaweza kuingia chini ya miguu ya shofere, na hapo si paka peke yake ndiye atakufa.

Njiani

Walilia mpaka karibu na Likasi, kisha wakanyamaza. Kulia si ugonjwa. Lakini ukiona paka anapumua kinywa wazi kama mbwa, ulimi inje, mate yanatoka, hilo ni jambo la hatari: joto limemuzidi ao woga umemuzidi. Simamisha gari kwenye kivuli, fungua hewa, lowesha masikio na miguu yake kwa maji ya kawaida, si ya barafu, na utafute muganga. Usiache paka ndani ya gari lenye limefungwa kwenye jua, hata dakika kumi. Hiyo ni sheria moja kwa paka na kwa mutoto muchanga.

Sheria ya pili tuliinunua kwa bei kali: kitunga hakifunguliwi njiani. Ukitaka kutoa maji, milango yote na vioo vyote vya gari vifungwe kwanza, kisha mutu mukubwa mumoja afungue kidogo. Watoto tuliwaelezea hilo mara tatu. Yule wa kwanza hakuhitaji kuelezewa.

Tulipofika Fungurume, makamio yalikuwa yamepanga musururu kama zamani. Mutoto, ambaye sasa ana miaka 12, alikuwa ameweka mukono juu ya kitunga cha Makala. Alitazama majani ya kando ya njia kwa muda murefu. Kisha akasema polepole: "Mama, yule hakufika Kolwezi. Ninajua." Tukamujibu: "Hapana, mwana wetu. Hakufika. Tulikudanganya, na tena haikuwa kosa lako." Akasema tu: "Sawa." Lakini alipumua kama mutu mwenye ametua muzigo. Miaka mitano tulifikiri tunamulinda, kumbe aliubeba peke yake. Wamama, tulihamisha zaidi ya paka siku ile.

Nyumba mpya

Tulipovuka Lualaba tulijua tumekaribia. Kolwezi tuliingia adhuhuri. Mbele ya kushusha kitanda hata kimoja, tulitengeneza chumba cha paka: dirisha limefungwa, maji, kikwembe kilekile cha zamani, na basani ya muchanga. Katika muchanga huo tulichanganya kidogo ule tulileta kutoka nyumba ya Lubumbashi, ili waone harufu yao. Tulifungua vitunga, tukatoka, tukafunga mulango.

Bukari alikaa chini ya kitanda siku mbili. Hiyo ni kawaida. Usimuvute kwa nguvu. Acha chakula karibu, ukae naye kidogo, uzungumuze kwa sauti ya chini. Siku ya kwanza paka anaweza kukataa kula. Lakini akipitisha siku mbili nzima bila kula, mupeleke kwa muganga, kwa sababu ini lake linaweza kuharibika. Na paka dume mwenye anachuchumaa mara nyingi bila kutoa mukojo, usingoje kesho.

Kisha juma moja tulifungua nyumba nzima. Inje, bado. Paka mwenye anatoka mapema anatafuta nyumba ya zamani, na hawezi kuipata. Ngoja angalau majuma matatu ao mane, hata kama panya wanacheza kwenye parsele. Paka wetu ni wa ndani, kwa hiyo tuliweka waya kwenye madirisha.

Tulifanya jambo lingine moja: tuliwatembelea majirani, tukawaambia, "Tuna pushi wawili, mumoja mweusi, ni wa watoto, wamepata chanjo." Paka mweusi mwenye hajulikani anaitwa mulozi, na kuna wenye wanamuona kama mboga. Paka mwenye anajulikana anakuwa jirani.

Kwa wenye mimba na wenye watoto wadogo

Wengi wanatupa paka mama akishika mimba. Si lazima. Kuna kijidudu chenye kinaitwa toksoplasma, chenye kinaweza kuwa ndani ya mavi ya paka na kuumiza mutoto tumboni. Lakini mavi hayo hayaambukizi saa ileile. Yanahitaji siku moja mpaka tano. Basi, mutu mwingine, si mwenye mimba, aondoe mavi kila siku na kusafisha basani kwa maji ya moto. Mama mwenye mimba anawe mikono kwa sabuni, aoshe mboga vizuri, na asile nyama yenye haijaiva. Kijidudu hicho kinapita pia kwa njia hizo.

Mutoto akiumwa ao akikwaruzwa na paka, muoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mupeleke hospitali siku ileile.

Na kama haiwezekani?

Kuna wakati haiwezekani: mwenye nyumba mpya amekataa, ao feza imeisha. Uliza mwenye nyumba mapema. Kama jibu ni hapana, hakuna haya. Lakini usimuache paka ndani ya parsele tupu ukisema atajipanga. Paka wa ndani hajui kujipanga. Tafuta mama mwenye anamutaka kweli, mupelekee paka wakati ungali hapo, pamoja na kikwembe chake na chakula cha siku chache. Na mutoto mumuambie ukweli wa mahali paka amekwenda.

Leo Bukari analala juu ya saki ya makala, na kila juma tunamufuta vumbi nyeusi. Makala anakaa kwenye dirisha, anatazama makamio.

Yule mama mwenye aliuliza, aje siku ya posho. Vitunga vyetu viwili bado viko, na kamba zake. Tutamuazima.